Mwongozo Kamili: Kuhariri Makala za Wasomi wa Jamii za Asili kwa Wasomaji wa Kawaida

Makala ya msomi wa jamii ya asili hufika mezani kwa mhariri ikiwa na mambo matatu: mwenye maarifa, mahali yalikotoka, na ruhusa ya kuyasema. Mara nyingi hutoka hapo ikisomeka kwa urahisi zaidi, lakini mambo hayo matatu yamekatwa kwa kudhaniwa ni maneno ya ziada. Kinachobaki kinasikika kama ngano. Mwandishi anaudhika, jamii yake inajiona imeporwa, na mhariri haoni alipokosea, kwa sababu kila sentensi aliyoigusa imenyooka.

Kanuni inayobeba mwongozo huu ni moja: punguza uzito wa sentensi, usipunguze mamlaka ya aliyeisema. Hatua zifuatazo zinafaa makala ya maneno 800 hadi 1,200, iwe imeandikwa na msomi mwenyewe au na mwandishi wa habari aliyefanya naye kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa rasimu

- Rasimu pamoja na utafiti wenyewe. Usihariri ukiwa na muhtasari peke yake. Muhtasari wa kitaaluma mara nyingi hauna majina ya wazee na jamii zilizoshiriki, nayo ndiyo utakayoyahitaji kwanza.
- Jedwali la vyanzo. Safu tano zinatosha: dai, aliyelisema, jamii yake, ruhusa iliyotolewa, na mipaka ya ruhusa hiyo.
- Kanuni za maadili za eneo husika. Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao za utafiti mwaka 2017. Mataifa ya Kwanza ya Kanada yana kanuni za OCAP tangu 1998, zinazohusu umiliki na udhibiti wa taarifa zao. Australia ina kanuni za mwaka 2020 za AIATSIS, taasisi ya utafiti kuhusu Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait. Kwa takwimu na data, kanuni za CARE za mwaka 2019, kuhusu usimamizi wa data za jamii za asili, zinatumika kimataifa. Soma inayohusu makala yako, si zote.
- Orodha ya tahajia ya majina yote ya watu, jamii, lugha na mahali, iliyothibitishwa na mwandishi.
- Msomaji wa pili kutoka jamii hiyo, anayelipwa sawa na mtaalamu mwingine yeyote wa nje. Kumwomba asome bure ni kumtwisha kazi ya chumba cha habari.
- Muda. Tenga siku 10 za kazi. Ukiwa na siku mbili, chagua makala nyingine. Kinachokatwa kwa haraka huwa ni ile hatua ya kumrudishia mwandishi.

## Hatua ya 1: Jua ruhusa imetolewa kwa ajili ya nini

Kabla ya kusahihisha hata nukta, jaza jedwali la vyanzo. Swali la kila dai ni hili: aliyetoa maarifa haya alikubali yatumike wapi? Aliyekubali yaingie kwenye tasnifu hajakubali moja kwa moja yasomwe na watu laki moja kwenye simu zao.

Kesi ya Wahavasupai, jamii ya asili ya Arizona, Marekani, inaonyesha kwa nini. Walitoa sampuli za damu miaka ya 1990 wakitarajia utafiti wa kisukari. Baadaye sampuli hizo zilitumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili) na uhamaji wa mababu, mambo ambayo wengi wao hawakujua kuwa yangefanyika. Shauri lilimalizwa mwaka 2010 kwa makubaliano ya dola 700,000. Kesi hiyo ilihusu maabara na damu, lakini kosa linalofanyika kwenye makala ni lilelile: ruhusa ya jambo moja kuchukuliwa kuwa ruhusa ya kila jambo.

Gawa madai katika makundi matatu: yaliyo wazi kwa wote, yanayosemwa kwa masharti (msimu, jinsia, rika, mahali), na yasiyotakiwa kuchapishwa. Kundi la tatu litoke kabisa, hata kama tayari limo kwenye kitabu cha zamani cha mtafiti mgeni. Kwamba limewahi kuchapishwa hakuthibitishi kwamba lilitolewa kwa ridhaa. Kifungu cha 31 cha Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa Septemba 13, 2007, kinatambua haki ya jamii hizi kudhibiti na kulinda maarifa yao ya jadi, na mhariri asisubiri sheria ya nchi yake imlazimishe.

Imekaa sawa ikiwa: hakuna mstari kwenye jedwali wenye safu tupu ya ruhusa.

## Hatua ya 2: Zungumza na mwandishi kwanza

Dakika 30 hadi 45 kwa sauti, si kwa barua pepe. Barua pepe huleta majibu ya adabu, ilhali kwenye mazungumzo utasikia anasita wapi, na pale anaposita ndipo penye jambo. Uliza:

1. Jamii yako inapenda kutajwa vipi, na wewe mwenyewe?
2. Unasema kama mtafiti, kama mwanajamii, au kwa niaba ya chombo fulani?
3. Nani mwingine lazima aone rasimu kabla haijatoka?
4. Kuna sentensi ambayo ikibadilishwa utaiondoa makala?
5. Nani ataumia ikiwa makala itasomwa vibaya?

Swali la pili husahaulika sana. Msomi mmoja si msemaji wa watu wake wote, na ukimwandika hivyo unamletea matatizo nyumbani. Jamii hizi zina mabishano ya ndani kama jamii nyingine, na makala ina haki ya kuyaonyesha.

## Hatua ya 3: Panga upya aya za mwanzo bila kumwondoa mwandishi

Wasomi wengi wa jamii za asili huanza kwa kujitambulisha: ukoo, ardhi, uhusiano wao na wanaowaandikia. Mhariri wa habari huona aya tatu zinazochelewesha hoja, naye hukata. Usikate. Utambulisho huo unamwambia msomaji kwa nini mtu huyu anaweza kusema anachosema, na anawajibika kwa nani akikosea.

Unachoweza kufanya ni kuubana. Tafuta hoja moja ya makala na uiandike kwa maneno yasiyozidi 40. Hiyo ndiyo aya ya kwanza. Utambulisho uwe sentensi moja au mbili ndani ya aya tatu za mwanzo, kwa nafsi ya kwanza ikiwa mwandishi ni yeye. Usiupeleke kwenye wasifu wa mwisho, maana huko hausomwi na wengi.

Onyo: usianze na umaskini, ulevi au kutoweka kwa lugha ikiwa makala inahusu jambo lingine. Wahariri huingiza aya ya namna hiyo wakidhani wanampa msomaji muktadha. Inageuza utafiti wa mito kuwa habari ya huzuni, na msomaji anaacha kumwona mtaalamu.

## Hatua ya 4: Majina na herufi

Tumia jina ambalo jamii inajiita, na kwa kiwango mahususi iwezekanavyo. "Jamii za asili za Kanada" halimwambii msomaji kitu ikiwa utafiti ulifanywa na Wami'kmaq. Andika Ogiek badala ya Dorobo, Inuit au Iñupiat badala ya Eskimo, Sámi badala ya Lapp. Lakini usisahihishe jina rasmi la chombo: Alaska Eskimo Whaling Commission ni chombo cha wawindaji wenyewe, kimejiita hivyo tangu 1977, na jina lake linabaki lilivyo. Vivyo hivyo kwa watu binafsi. Wapo Wasan wanaopendelea jina la kundi lao dogo, na anayeamua ni mwenye jina.

Majina ya mahali nayo hubadilika. Mji ulioitwa Barrow huko Alaska ni Utqiaġvik tangu 2016. Taja jina la zamani mara moja tu ikiwa msomaji atalihitaji.

Halafu kuna herufi zenyewe, na hapa mashine huharibu zaidi ya binadamu. Alama ya mdoko (sauti ya kualika ulimi) katika ǃXun, jina la kundi la Wasan, ina msimbo wa Unicode U+01C3, nayo si alama ya mshangao ya kwenye kibodi. Ukiweka ile ya mshangao, kikagua tahajia kinaweza kudhani sentensi imeisha na kukuza herufi inayofuata. Alama katika ǂKhomani ni U+01C2. ʻOkina ya Kihawaii ni U+02BB, na programu nyingi huigeuza kuwa alama ya kunukuu. Mstari wa juu wa ā katika Kimaori hubadilisha maana ya neno, kwa hiyo si pambo la kuondoa fonti ikishindwa.

Fanya hivi: weka majina yote kwenye ukurasa wa majaribio wa mfumo wenu, uufungue kwa simu ya bei nafuu na kwa kompyuta, kisha ujitumie kwa barua pepe. Kisanduku kitupu kikitokea mahali pa herufi, badilisha fonti, si jina.

Imekaa sawa ikiwa: kila jina linafanana kwenye kichwa, ndani ya makala, kwenye maelezo ya picha na kwenye anwani ya ukurasa. Mfumo ukikataa herufi hizo kwenye anwani, mwachie mwandishi achague umbo mbadala.

## Hatua ya 5: Kagua vitenzi, kimoja kimoja

Hii ndiyo hatua inayoamua makala, na inastahili muda kuliko zote. Pitia rasimu ukiwa na kalamu ya rangi na uzungushie kila kitenzi kinacholeta maarifa ya jamii. Utakuta "wanaamini", "inasemekana", "walikuwa wakidhani", "kwa mujibu wa hadithi zao". Kisha zungushia vitenzi vya watafiti wa vyuo: "waligundua", "walithibitisha", "walibaini". Ukilinganisha makundi haya mawili, utaona makala imempa nani akili na imemnyima nani.

Tazama mfano. Hivi ndivyo aya inavyotoka ikihaririwa kwa mazoea:

> Kwa mujibu wa imani za wenyeji wa Alaska, nyangumi walikuwa wakipita chini ya barafu. Wanasayansi baadaye waligundua kwamba ni kweli.

Na hivi ndivyo inavyopaswa kutoka:

> Mwaka 1977, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliondoa ruhusa ya wenyeji wa Alaska kuwinda nyangumi wakubwa wa Aktiki, ikiamini wamebaki wachache mno. Wawindaji wa Iñupiat walipinga hesabu yenyewe: waliohesabiwa ni nyangumi waliopita karibu na ukingo wa barafu, ilhali wengine hupita mbali zaidi, chini ya barafu, wakiipasua kwa kichwa ili kupumua. Hesabu za miaka ya 1980, zilizotumia vinasa sauti vya chini ya maji na ndege, zilikuta idadi kubwa mara kadhaa kuliko ile ya awali.

Aya ya pili ni ndefu zaidi, na urefu huo umefanya kazi. Sasa wawindaji wana hoja ya kimbinu: wamekosoa namna ya kuhesabu. Maarifa yao yametangulia vipimo kwa wakati, na aya inaonyesha hivyo bila kumsifu mtu. Pia nyangumi "hupita", kwa wakati uliopo, kwa sababu bado wanapita na wawindaji bado wanajua.

Wakati uliopita utumie kwa tukio lililopita tu. Ukiandika "walikuwa wakichoma nyasi kwa awamu" kuhusu watu wanaofanya hivyo hadi leo, umewazika wakiwa hai.

Neno "imani" halijapigwa marufuku. Litumie pale mwandishi mwenyewe anapozungumzia imani. Kosa ni kulitumia kwa uchunguzi wa mazingira uliofanywa kwa vizazi, na kuacha neno "sayansi" kwa mtu mwenye vifaa.

Kosa la upande wa pili: kupamba. "Hekima ya kale", "wanaoishi kwa amani na maumbile", "siri za mababu". Maneno haya yanaonekana ya heshima, lakini hayana taarifa ndani yake, na yanamwondolea mtaalamu haki ya kukosolewa kama mtaalamu mwingine. Mahali pa kila sifa ya namna hii, weka tendo: nani hufanya nini, msimu gani, akiangalia dalili ipi.

## Hatua ya 6: Thibitisha ukweli kwa njia inayolingana na dai

Wahariri hukosea kwa namna mbili: kutothibitisha kabisa kwa kuogopa kuudhi, au kumtafuta profesa wa nje "athibitishe" alichosema mzee. Ya kwanza inaacha makosa ya kawaida yapite. Ya pili inaweka kituo cha ukaguzi ambacho watafiti wengine hawakipiti.

Madai yanayopimika (idadi, tarehe, umbali, bei) yakaguliwe kama ya makala yoyote ile.

Madai ya kisheria yakaguliwe kwa waraka wenyewe. Mfano unaochanganywa mara kwa mara ni wa Kenya: shauri la Waendorois wa Ziwa Bogoria liliamuliwa na Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi ukatangazwa mwaka 2010. Shauri la Waogiek wa Msitu wa Mau liliamuliwa na Mahakama ya Afrika Mei 26, 2017, na uamuzi wa fidia ukafuata Juni 23, 2022. Kamisheni hutoa mapendekezo, Mahakama hutoa hukumu inayofunga. Ukichanganya, umempa msomaji picha potofu ya haki ambayo watu hao wanaidai.

Masimulizi yakaguliwe kwa mnyororo wake: nani alisimulia, alipokea kwa nani, yamerekodiwa wapi, wasimulizi wengine wanatofautiana wapi. Ushahidi wa namna hii una uzito. Mabaki ya HMS Erebus, meli ya Uingereza iliyopotea Aktiki miaka ya 1840, yalipatikana Kanada mwaka 2014 katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuit yalikuwa yameelekeza tangu karne ya 19. Masimulizi yakitofautiana, yaandike yote mawili na uyataje yalikotoka. Usichague linalopendeza.

Madai ya kiroho na ya sheria za jamii hayathibitishwi kwa kipimo. Unachokagua ni kama mwandishi ana haki ya kuyasema na kama umeyanukuu sawasawa.

## Hatua ya 7: Rahisisha lugha

Hapa kazi ni ya kawaida, kwa hiyo kwa ufupi. Sentensi ya wastani isizidi maneno 20 hivi. Ondoa msamiati wa chuo usiobeba kazi. Maneno ya lugha ya jamii yabaki, lakini yasizidi manne katika makala ya maneno 1,000, na kila moja lielezwe ndani ya sentensi lilipotokea mara ya kwanza. Usiyaandike kwa herufi za mlazo ikiwa mwandishi hataki, kwani kwake si maneno ya kigeni.

Ukibana nukuu ya mzee, bana kwa kukata sentensi nzima kutoka mwisho. Usiunganishe vipande viwili vya mbali: katika masimulizi, mpangilio wenyewe hubeba maana.

## Hatua ya 8: Kichwa, picha na ramani

Hapa ndipo kazi nzuri huharibiwa, kwa sababu vitu hivi mara nyingi hutengenezwa na mtu ambaye hakuihariri makala.

Mwaka 2017 jarida la Journal of Ethnobiology lilichapisha utafiti kuhusu ndege wa kaskazini mwa Australia, aina mbili za mwewe na aina moja ya kozi, wanaobeba vijiti vinavyowaka na kuvidondosha penye nyasi kavu ili windo likimbie. Utafiti ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya maarifa ya Waaborijini, ambao wameyajua kwa muda mrefu. Kichwa "Wanasayansi wagundua ndege wanaowasha moto" kingekuwa kosa la ukweli, na wala si suala la adabu tu. Jaribu: mhusika wa kwanza kwenye kichwa ni nani, na je, ndiye aliyejua kwanza?

Kwa picha, hakikisha:

- Maelezo yana jina la kila mtu anayeonekana, jamii yake na mwaka. "Mzee wa asili" hayatoshi.
- Picha ya hifadhi ya nyaraka haitumiki kuonyesha watu wa leo.
- Mavazi na sherehe vimeruhusiwa kuonyeshwa, na havijawekwa kupamba makala isiyovihusu.
- Kwa Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, kuna tahadhari juu ya ukurasa ikiwa yametajwa majina au zimeonyeshwa picha za marehemu, na familia imeulizwa.
- Taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili ya picha zimefutwa. Picha ya mmea wa dawa yenye viwianishi vya GPS ni ramani kwa wavunaji haramu.

Ramani yenyewe iishie kwenye ngazi ya wilaya au bonde. Maeneo matakatifu, makaburi na vyanzo vya mimea adimu yasiwekewe alama kwa sababu tu mwandishi aliyaandika kwenye rasimu. Muulize kwanza.

## Hatua ya 9: Mrudishie mwandishi kila kitu

Mtumie makala, kichwa, utangulizi mfupi wa mitandao ya kijamii, picha na maelezo yake, kwa pamoja, huku mabadiliko yote yakionekana. Mpe siku tatu za kazi angalau. Kama kuna msiba, sherehe au msimu wa mavuno kwa jamii yake, ongeza. Yeye naye huenda akahitaji kuwaonyesha wazee.

Mwambie wazi mipaka: chumba cha habari kinaamua urefu, mtindo na usahihi wa mambo yanayopimika. Yeye anaamua majina, ruhusa na namna maarifa yanavyoelezwa. Mkishindwa kukubaliana juu ya dai moja, liondoeni. Makala yenye dai pungufu bado ni makala.

Onyo: ukibadilisha kichwa baada ya idhini ili kivutie wasomaji, idhini hiyo imekwisha. Omba upya.

## Hatua ya 10: Kuchapisha na yanayofuata

Kama mnaruhusu vyombo vingine kuchapisha upya, chagueni leseni yenye sharti la kutobadilisha kazi, na muandike kwamba tahadhari na majina ya watoa maarifa lazima vibaki. Bila sharti hilo, kazi yote ya hatua ya 5 na ya 8 inaweza kufutwa na mtu ambaye hamjawahi kuwasiliana naye.

Simamia maoni ya wasomaji kwa saa 48 za mwanzo, au yafunge. Usimwachie mwandishi kazi ya kujibu matusi dhidi ya watu wake.

Peleka nakala kwa wote waliotajwa kwenye jedwali la vyanzo, kwa njia wanayoweza kuisoma: karatasi ikiwa hakuna mtandao, sauti ikiwa lugha ya makala si yao.

Ombi la marekebisho likija kutoka kwa jamii baada ya kuchapisha, lijibu ndani ya siku moja ya kazi. Kosa la tahajia ya jina sahihisha mara moja. Maarifa yaliyotoka bila ruhusa yaondoe kwanza, kisha endeleza mazungumzo, maana kila saa yanapobaki mtandaoni yananakiliwa. Weka chini ya makala maelezo ya kilichobadilishwa na tarehe, bila kurudia kile kilichoombwa kiondolewe, halafu rekebisha na jedwali la vyanzo ili mhariri atakayeifungua makala hiyo mwakani asikirudishe.